Hakuna Kifaa Kilichounganishwa

Binti yangu Otylia ameniletea hedifoni
kutoka Bergen, ndani ya soksi ya sufu zisije zikavunjika.
Akanionyesha: hapa unawasha, hapa unatafuta simu,
hapa taa ya buluu inakonyeza.
Simu yangu ni ya vibonye. Haikonyezi mtu.

Alipoondoka nikaziwasha hivyo hivyo.
Mwanamke mmoja mdogo, mle ndani ya sikio,
akasema kwa upole wa muuguzi anayejua majibu:
Hakuna kifaa kilichounganishwa.
Najua, mama, nikamwambia. Wewe kaa tu.

Ndipo friji ikafa.
Haikuzimika; ilifariki kwangu peke yangu.
Likafuata bomba la joto, ikafuata tramu chini ya dirisha,
ikafuata keekee ya jirani inayotoboa ukuta tangu Kwaresima.
Nikashika meza. Nilidhani nimeanguka
na sakafu ndiyo iliyochelewa kunifikia.

Otylia alinieleza baadaye:
kidude kinasikiliza kelele ya nje,
kinatengeneza nyingine iliyo kinyume chake,
palipo kilima kinaweka bonde,
zikikutana panakuwa tambarare.
Yaani dawa ya moto ni moto.
Nikamkumbuka baba yake. Miaka ishirini na sita,
yeye kilima, mimi bonde,
na bado sahani zilivunjika.

Sasa nazivaa kila siku. Bila waya, bila simu, bila wimbo.
Kijana wa duka la mikate aliuliza nasikiliza nini.
Sisikilizi, nikamjibu.
Akatikisa kichwa, kana kwamba ni bendi anayoijua.

Nilifuma miaka ishirini na tisa hapa Łódź, Ukumbi wa Nne,
mitambo mia na themanini ikitafuna meno yake
toka saa kumi na mbili alfajiri hadi saa nane.
Mle sauti haikuwa na kazi. Tulisema kwa midomo,
tukiinyoosha kila silabi kama kitambaa chini ya pasi:
uzi umekatika.
msimamizi anakuja.
nina mimba.
Kwa hiyo usinifundishe ukimya. Nimekula mkate wake.
Ulichoniachia ni mlio mwembamba sikio la kushoto,
na huo hata kidude hiki hakijaupatia kinyume.
Ni wangu. Tunalala pamoja.

Jumanne, ndani ya tramu, theluji imegeuka uji kwenye viatu vya watu,
mwanamke wa kofia rangi ya bilinganya ameketi mkabala nami,
anazungumza na mwanamume aliyeinamia simu.
Hakusema kama watu wasemavyo.
Midomo yake ilifanya kazi kupita kiasi,
kila neno likifunguliwa, likikung'utwa, likikunjwa.
Nikasoma: na soseji nazo zimepanda.

Nikajikuta nimeachama, bila pumzi:
Ukumbi gani?

Akaliacha neno katikati.
Akatazama hedifoni, kisha uso, kisha midomo.
Wa pili, akasema. Na wewe?
Wa nne.
Ahaa. Nyinyi mliokuwa na dirisha.
Lilipakwa rangi, nikasema. Hatukuona hata mvua.

Vituo sita.
Akanipa habari za goti lake, za mkwe,
za Bogumiła aliyezikwa Novemba akiwa na vidole vyake saba.
Mumewe hakuinua macho.
Msichana mmoja aliyesimama kati yetu
alirudi nyuma nusu hatua, akainamisha kichwa,
kama mtu anayepisha uzi.

Karibu na hospitali, yule mdogo wa sikioni akasema:
Betri inaisha,
na tramu ikanirudia yote kwa mpigo, vyuma, breki, mtoto mwenye kikohozi,
na juu yake sauti ya yule mwanamke,
kumbe anayo, nyembamba, ya msichana kabisa, ikiuliza:
"Jumanne ijayo?"

Nikamjibu kwa midomo.